Sukari Inapobisha Hodi Kwenye Msuli

Leo tunaingia mahali ambapo macho hayafiki, yaani ndani ya msuli. Tutauliza swali moja tu: chakula unachompa mtoto asubuhi kinaingiaje ndani ya mguu wake hata aweze kukimbia kwenda shule? Na je, kisipoingia, nini hutokea?

Usidhani kwamba swali hili ni la madaktari peke yao. Hapa kwetu Longisa, na kutoka hapa hadi Mulot, Silibwet, Kapkatet, Litein na Kericho, mama akilijua jibu mapema anaweza kuokoa maisha ya mtoto. Asipolijua, anaweza kuchelewa kwa siku mbili tu, na siku mbili zikawa nyingi mno.

Tuchukue mfano. Kuna msichana wa miaka 9. Alikuwa mchangamfu na mwenye afya. Kwa wiki 3 sasa anakula kuliko kaka zake, lakini sare ya shule imekuwa kama ya kuazima, inamning'inia mabegani. Anakunywa maji kikombe baada ya kikombe. Usiku anaamka mara 4 kwenda haja ndogo, na mara nyingine anakojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Akirudi kutoka shule anajilaza, hataki kucheza. Mama anadhani ni minyoo, ananunua dawa ya minyoo. Jirani anasema ni malaria. Mwingine ananong'ona kwamba mtoto karogwa.

Mama huyu si mzembe. Anampikia mtoto, na mtoto anakula. Tatizo ni kwamba chakula kinafika kwenye damu na kusimama hapo. Hakiingii ndani ya misuli. Mtoto ana njaa katikati ya shibe. Kwa nini? Twende polepole.

KUTOKA SAHANI HADI DAMU

Unaposonga kimyet, unapika wanga. Mtoto akishakula, tumbo na utumbo huuvunjavunja ule wanga mpaka ukawa sukari ndogo sana iitwayo glukosi. Viazi, wali, ndizi, chapati, mkate na uji wa wimbi hufanya vivyo hivyo. Mdomoni havina utamu wa sukari, lakini vikishasagwa utumboni vinakuwa sukari. Kwa hiyo mtu asiyetia sukari kwenye chai bado ana sukari kwenye damu, na ni lazima awe nayo, kwa sababu glukosi ni kuni za mwili.

Sasa sikiliza kipimo hiki. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla ya kula, hubeba takriban gramu 5 za glukosi. Hicho ni kama kijiko kimoja cha chai, kwa mwili mzima! Sahani moja ya kimyet huleta glukosi iliyo mara nyingi zaidi ya hiyo. Basi sukari hiyo ni lazima ipelekwe mahali upesi. Ikikaa kwenye damu, inaharibu. Ikienda ghalani, inasaidia.

Ubongo hujichukulia glukosi yake bila kungoja ruhusa, mchana na usiku. Ini nalo huweka akiba. Lakini ghala kubwa kuliko yote ni misuli: ya mapaja, ya mgongo, ya mikono, ya matako. Misuli ya mtu mzima inaweza kuweka kama gramu 400 za sukari iliyofungwa pamoja, iitwayo glaikojeni, wakati ini huweka kama gramu 100. Ndiyo maana tunasema, ukitaka kujua habari za sukari, usiangalie tumbo peke yake. Angalia misuli.

UKUTA USIO NA MLANGO

Msuli umeundwa kwa seli ndefu nyembamba, nyingi mno, zimelazwa pamoja kama nyuzi za kamba. Kila seli imezungukwa na ukuta mwembamba wa mafuta. Glukosi inapatana na maji, haipatani na mafuta. Unaijua ile nailoni ambayo mchuma majani chai hujifunga kiunoni ili umande usimlowanishe? Maji yanaanguka juu yake na kuteleza. Ndivyo glukosi inavyokuwa kwenye ukuta wa seli: inafika, inagonga, inateleza. Haiwezi kupita mpaka kuwe na mlango.

Milango ipo. Imetengenezwa kwa protini, na ile ya kwenye misuli wataalamu wameipa jina GLUT4. Lakini hapa ndipo Mungu alipoweka hekima yake: milango hiyo haikai ukutani wakati wote. Wakati hujala, sehemu kubwa yake imewekwa ndani ya seli, ndani ya vifuko vidogo sana, kama milango iliyotengenezwa na fundi ikawekwa stoo. Ingekuwa ukutani daima, misuli ingenyonya sukari yote ya damu, na ubongo ungekosa chakula. Mtu angezimia kila asubuhi kabla ya chai.

Basi nani anatoa amri ya kuitoa milango stoo na kuipachika ukutani?

INSULINI INABISHA HODI

Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho. Ndani yake kuna vikundi vya seli ambazo kazi yake ni kuonja damu. Zikiona glukosi imepanda baada ya chakula, zinamwaga insulini. Insulini ni mjumbe. Inasafiri na damu mpaka kwenye msuli.

Huenda umesikia ikisemwa kwamba insulini ni ufunguo. Mfano huo si mbaya, lakini hauelezi yote. Insulini haiingii ndani ya seli kufanya kazi yake. Haishiki glukosi mkono na kuipitisha. Inabisha hodi tu, na wenyeji walio ndani ndio wanaofanya kazi. Fikiria boma lenye watu wengi. Mgeni anapiga hodi kwenye geti. Hivi ndivyo habari inavyokwenda:

Kwanza, kwenye ukuta wa seli kuna kipokezi. Sehemu yake moja iko nje na nyingine iko ndani, kama mtoto aliyesimama getini, sikio nje na mdomo ndani. Insulini ikikaa juu yake, kipokezi kinaamka.

Pili, kipokezi kikiamka kinamgusa mjumbe wa ndani na kumwekea alama. Mjumbe huyo anamwita mwingine, na huyo anaweka alama kwenye upande wa ndani wa ukuta. Alama hiyo inamvuta mjumbe wa tatu, ambaye akifika hapo anapewa nguvu ya kutoa amri. Wataalamu wanawaita wajumbe hawa kwa herufi na namba: IRS, PI3K na Akt. Huna haja ya kuyakariri majina haya. Shika jambo moja: habari inapokezwa mkono kwa mkono, na mmoja tu akikatika, habari haifiki.

Tatu, yule wa mwisho anakwenda kwa mlinzi wa stoo. Mlinzi huyu muda wote amezuia vifuko vya milango visitoke. Sasa anaambiwa, "Achia!" Anaachia.

Nne, vifuko vinasafiri hadi ukutani na kuungana nao. Milango inatokeza nje, na glukosi inaanza kumiminika ndani. Yote haya huchukua dakika chache tu.

Tano, glukosi ikishaingia hupigwa muhuri papo hapo ili isirudi nje. Nyingine inachomwa mara moja kuupa msuli nguvu. Nyingine inafungwa pamoja kuwa glaikojeni, akiba ya kesho.

Sukari ya damu ikishashuka, kongosho linapunguza insulini. Hodi inanyamaza. Milango inavutwa tena ndani na kurudishwa stoo mpaka mlo mwingine. Hivi ndivyo mwili wenye afya unavyofanya kila siku, baada ya kila sahani, bila wewe kuwaza.

MJUMBE ASIPOFIKA KABISA

Sasa turudi kwa yule msichana wetu. Katika mwili wake, askari wa kinga, wale wanaotakiwa kupigana na viini vya magonjwa, wamekosea njia. Wameshambulia zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Seli zikiisha, hakuna mjumbe. Hakuna anayebisha hodi. Misuli ni mizima, milango iko stoo, wajumbe wa ndani wapo wanangoja, lakini geti liko kimya. Huu ndio ugonjwa wa kisukari wa aina ya kwanza, na unaweza kumpata mtoto wa umri wowote.

Mama, sikia vizuri. Hakuletewa na peremende. Hakuletewa na chai yako yenye sukari. Hakurogwa, na hakuna aliyemlaani. Usibebe lawama ambayo si yako.

Tazama jinsi kila dalili inavyojieleza. Glukosi imejaa kwenye damu. Inapopanda kupita kiasi, figo zinashindwa kuizuia, inamwagika kwenye mkojo, na inatoka pamoja na maji mengi. Ndiyo maana mtoto anakojoa sana. Wakati mwingine utaona hata sisimizi wakikusanyika pale alipokojoa. Maji yakipotea, kiu inakuja. Misuli haipati kuni, kwa hiyo anachoka. Mwili unaona njaa, unaanza kuchoma mafuta na misuli yake wenyewe, ndiyo maana anakonda ingawa anakula. Kukojoa sana, kiu nyingi, kukonda, kuchoka: ukiona haya manne kwa pamoja, usingoje.

Kuna hatari kubwa zaidi. Mafuta yakichomwa kwa wingi bila insulini, yanaacha asidi kwenye damu. Mtoto anaanza kutapika na kuumwa tumbo. Anahema kwa nguvu na kwa kina, kana kwamba amepanda mlima, hali amelala. Pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva sana. Baadaye analegea, anasinzia, hajibu vizuri. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kuhema haraka kunadhaniwa ni nimonia. Kutapika na kulegea kunadhaniwa ni malaria, kwa kuwa sisi wa nyanda za juu tunaijua malaria ya msimu. Anapewa dawa isiyo yake, na saa zinakwenda.

Basi, mama, jifunze sentensi hii moja uiseme mbele ya daktari au muuguzi yeyote: "Tafadhali, mpime mtoto wangu sukari." Ni tone moja la damu kutoka kidoleni, na jibu linapatikana kabla chai haijapoa. Ukisema hivyo hujamdharau daktari. Umemsaidia. Kama mtoto anahema hivyo na kutapika, usingoje asubuhi. Amsha jirani, tafuta gari au pikipiki, mfikishe hospitali kubwa usiku huohuo, iwe hospitali ya rufaa ya kaunti hapa Longisa, iwe Tenwek, iwe Kapkatet au Kericho, ile iliyo karibu nawe.

Kabla ya mwaka 1921, mtoto wa namna hii hakuwa na tumaini. Alikufa baada ya wiki au miezi, akiwa mifupa mitupu. Mwaka huo, kule Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kutoa insulini kwenye kongosho la mnyama. Tarehe 11 Januari 1922, kijana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson alidungwa insulini hiyo. Ile ya kwanza haikuwa safi vya kutosha. Wakaisafisha, wakamdunga tena siku chache baadaye, na sukari yake ikashuka. Aliishi miaka mingine 13. Wagunduzi walikiuza kibali cha dawa hiyo kwa chuo kikuu chao kwa dola 1 kila mmoja, wakitaka iwafikie watu wote. Leo mtoto anayedungwa insulini kila siku anasoma, anacheza, anakua, anaoa au kuolewa, na anazaa.

Kwa hiyo ukiambiwa sindano ya insulini ni dawa ya mtu anayekaribia kufa, kataa. Insulini si sumu wala si adhabu. Ni yule mjumbe aliyekosekana. Mtoto wako anarudishiwa kitu ambacho mwili wako na wangu hujitengenezea wenyewe.

MJUMBE ANABISHA, BOMA HALISIKII

Sasa tumtazame kogo. Ana miaka 58. Zamani alichuma majani chai kutwa, kikapu mgongoni, akapanda na kushuka vilima. Siku hizi magoti yanauma. Akienda sokoni anapanda bodaboda. Chai yake ina vijiko vinne vya sukari, na anakunywa vikombe vitano kwa siku. Hesabu mwenyewe: ni vijiko ishirini! Kiuno kimepanuka. Miguu inawaka moto usiku, macho yana ukungu, na kidonda cha kidole hakiponi.

Kogo anayo insulini. Pengine mwanzoni alikuwa nayo nyingi kuliko yako. Shida iko ndani ya boma. Mafuta yamejaa mahali yasipotakiwa, hata ndani ya seli za misuli. Mafuta hayo yanawavuruga wale wajumbe tuliowataja. Hodi inapigwa, kipokezi kinasikia kidogo, lakini habari inapotea njiani. Mlinzi wa stoo hapati amri, milango haitoki. Sukari inabaki kwenye damu. Kongosho linaona hivyo, linaongeza insulini, kama mgeni anayepaza sauti. Miaka inapita, kongosho linachoka, na sukari inapanda moja kwa moja. Huu ndio ugonjwa wa kisukari wa aina ya pili. Siku hizi haungoji uzee. Tunauona hata kwa watu wa miaka 30.

Hatari yake ni kwamba huja kimya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 9 katika kila 10 hapa Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini utafichuaje usichokijua? Nenda ukapimwe. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba ya kazi yenye kifaa cha kupima sukari, kwa hiyo muulize anayekutembelea kijijini. Kabla ya kula chochote asubuhi, kipimo cha mtu mwenye afya kwa kawaida huwa kati ya 4 na 6. Kikifika 7 au zaidi, daktari atarudia kupima ili kuthibitisha ugonjwa. Kikiwa katikati, hiyo ni onyo, na bado kuna nafasi ya kurudi nyuma.

Na wewe mama mjamzito, usijisahau. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya misuli yako isisikie hodi vizuri, ili sukari nyingi imfikie mtoto. Kwa wengi hilo halileti shida. Kwa wengine sukari hupanda kupita kiasi, na mtoto anaweza kuwa mkubwa mno hata kuzaliwa kwake kuwe na shida. Ukienda kliniki, uliza kuhusu kipimo cha sukari, hasa kati ya wiki ya 24 na 28.

AMRI YA PILI: KUTUMIA MISULI

Sasa nawapa habari njema, na haihitaji pesa. Ndani ya seli ya msuli kuna njia nyingine ya kuitoa milango stoo. Msuli unapojikunja na kujinyoosha, yaani unapotembea, unapolima, unapochanja kuni, unapobeba maji, kazi yenyewe inatoa amri. Haipiti kwenye geti. Haimngojei yule mjumbe wa insulini. Inakwenda kwa njia yake mpaka stoo, na milango inatoka. Hata kwa kogo ambaye boma lake halisikii hodi, njia hii bado iko wazi.

Tena baada ya kazi, msuli hubaki na sikio jepesi. Kwa muda wa siku nzima, hata siku mbili, insulini ileile inasikika vizuri zaidi. Ndiyo maana mwendo wa leo unasaidia chakula cha kesho, na ukikaa siku tatu bila kutembea, faida inapungua.

Sisi ni watu wa mbio. Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, kule Tokyo mwaka 1964. Lakini damu ya wakimbiaji haimkingi mtu aliyekaa. Mashine za kuchuma chai zimepunguza kazi ya mikono, bodaboda imepunguza mwendo, na sahani imebaki ileile. Huhitaji kukimbia kama Kiprugut. Tembea kwa haraka dakika 30 kwa siku, angalau siku 5 kwa wiki. Shuka bodaboda kabla ya kufika. Baada ya chakula cha jioni zunguka boma mara kadhaa badala ya kwenda kulala moja kwa moja.

Kwenye sahani pia fanya hivi: kimyet iwe robo ya sahani. Saget, managu au sukumawiki zijaze nusu. Robo iliyobaki iwe maharagwe, samaki, yai au nyama. Punguza sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee. Na kama daktari amekupa vidonge, vimeze kila siku. Mwendo na dawa ni ndugu, kila mmoja amsaidie mwenzake.

UKIWA NA MTOTO ANAYETUMIA INSULINI

Wewe mlezi wa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, una mambo manne ya kushika.

La kwanza, usiache kumdunga insulini. Usiache kwa sababu amepona, kwa sababu ana homa, kwa sababu leo hali, au kwa sababu mtu amekuletea dawa ya miti shamba. Hata mtoto asipokula, mwili wake unahitaji insulini kiasi. Akiugua, mpime mara kwa mara, na piga simu hospitalini kuuliza kipimo cha dawa. Mazoezi peke yake hayawezi kuchukua nafasi ya insulini kwa mtoto huyu.

La pili, kumbuka ile amri ya pili ya msuli. Mtoto akikimbia kwenda shule, milango inafunguka kwa insulini na inafunguka tena kwa mbio. Sukari inaweza kushuka mno. Atatetemeka, atatoka jasho, atakuwa mkali bila sababu au ataonekana kama amechanganyikiwa. Kipimo kikiwa chini ya 4, au huna kifaa lakini unaziona dalili, mpe mara moja vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu kikombe cha soda yenye sukari. Ngoja dakika 15. Asipopata nafuu, rudia. Akipata nafuu, mpe chakula. Akizimia, usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Kila siku aende na sukari mfukoni, na mwalimu wake ajue yote haya. Sukari ya mfukoni si dhambi kwa mtoto huyu. Ni uhai.

La tatu, hifadhi insulini vizuri. Isipate jua, isikae karibu na jiko, isigande kwa barafu. Kama huna friji, usikate tamaa. Chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kikae ndani ya kingine, weka mchanga katikati na uumwagie maji asubuhi na jioni, kisha funika kwa kitambaa kibichi. Dawa iwe kwenye mfuko usiopenya maji. Utafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotolewa mwaka 2021 kutokana na hali ya joto katika kambi ya Dadaab, ulionyesha kwamba insulini iliyowekwa katika joto la kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4 ilibaki na nguvu yake. Kama ilidumu kwenye joto la Dadaab, itadumu kwenye chungu hapa Longisa. Andika tarehe uliyoifungua chupa, na baada ya wiki 4 usiitumie tena.

La nne, usibebe mzigo huu peke yako. Baba ajifunze kudunga. Kogo ajifunze. Dada mkubwa ajifunze dalili za sukari kushuka. Uliza hospitalini kuhusu kliniki ya watoto wenye kisukari na mipango ya kuwapatia insulini bila malipo. Gharama ikikushinda, sema mapema. Usipunguze dawa kimyakimya ili ifike mwisho wa mwezi.

TUNAPOMALIZA

Mama mpendwa, yule msichana wa mfano wetu, mama yake akisema ile sentensi moja, atapimwa. Atapewa maji na insulini. Katika siku chache za kwanza mwili wake utaanza kulishwa tena. Sare itamtosha. Atakimbia tena kwenda shule, akiwa na sukari mfukoni.

Ukisahau yote tuliyosema leo, kumbuka mambo matatu. Anayekojoa sana, anayekunywa sana na kukonda, apimwe sukari leo, si kesho. Anayehema kwa nguvu na kutapika, aende hospitali usiku huohuo. Na kila mmoja wetu, mgonjwa na mzima, aitumie misuli yake kila siku.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hukonda ingawa anakula sana?
2. Kati ya mtoto na kogo, nani hana mjumbe, na nani ana mjumbe asiyesikika? Elezeni kwa maneno yenu.
3. Kwa nini mtoto anayetumia insulini abebe sukari anapokwenda kukimbia?
4. Mtoto wa jirani anahema kwa nguvu na kutapika saa nne usiku. Mtafanya nini? Nani mwenye gari au pikipiki hapa karibu, na namba yake ya simu anayo nani?
5. Kila mmoja ahesabu vijiko vya sukari anavyotia kwenye chai kwa siku moja. Wiki ijayo mlete hesabu mpya.